Mchezo Uliopotea Hautozwi

Watu wa jukwaa letu bado wananinunia. Nikipita na soseji yangu wanavuta miguu ndani taratibu, macho uwanjani, utadhani mimi ndiye niliyemuuza Batista, mrushaji wetu. Na waninunie. Nililofanya nililifanya mchana kweupe, mbele ya uwanja mzima, na ningelifanya tena kesho kabla sijanywa chai.

Naitwa Genia. Mume wangu ni Bolek, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye kiwanda kilimtumia mpaka mgongo ukapinda, kisha kikafunga milango. Tunaishi Buffalo, mji wa Marekani kando ya ziwa, upande wa mashariki, karibu na kanisa ambamo tunaimba Kipolandi tusichokielewa vizuri. Timu yetu ni Makuli. Marehemu baba yangu alikuwa kuli kweli kweli, akipakua ngano kwenye meli za ziwani, na alinifundisha besiboli kabla ya kunifundisha kufunga kamba za viatu. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna wanaosema nilifanya vile kwa kuwa mimi ni mwanamke na sijui mchezo. Najua mchezo. Nisingeujua nisingeweza.

Sasa, kuna Makuli na kuna wale. Wale ni timu ya New York. Jina lao hatulitaji jukwaani kwetu, tunasema wale, na kila mtu anaelewa. Mpigaji wao mmoja analipwa kuliko timu yetu nzima, ukijumlisha na kocha na mkata nyasi. Sisi tunachukua kijana mbichi, tunamvumilia akirusha mipira hovyo miaka na miaka, tunamshangilia hata akianguka, na siku anapoiva wale wanakuja na pochi yao wanamchuma. Thurlow, mwenye timu yetu, anazipokea dola kwa mikono miwili. Halafu anatokea kwenye televisheni na tai ya rangi zetu, anatuambia tuwe na subira, timu inajengwa. Inajengwa tangu nikiwa na meno yangu yote.

"Huu si mchezo, Genia," Bolek alikuwa akisema. "Huu ni mnada. Sisi tunakata tiketi kuja kutazama bidhaa."

Nilikuwa nikimjibu kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na kwamba ale pierogi zake, zile sambusa zetu za kuchemsha, kabla hazijapoa. Lakini hasira nilikuwa nayo kumshinda. Nilikuwa nawachukia wale hata nikiwa nasali.

Mambo yalianza Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Baridi ya ziwani ilikuwa bado inauma, na wale walikuwa wamekuja kwetu. Tulikaa mahali petu pa siku zote, mimi, Bolek, na jirani yetu wa kiti cha kushoto, Lucjan Wróbel, aliyekuwa akisambaza barua mtaani kwetu kabla hajastaafu.

Jukwaa letu lina mpangusa viti wake. Anaitwa Orville. Ni mzee mrefu wa koti jekundu, na mkononi anavaa glovu ya manyoya ya kondoo. Ukifika na tiketi anakutangulia mpaka kwenye kiti chako, anakipangusa vumbi na maji ya mvua, unampa chochote, anainamisha kichwa. Zamani kila uwanja ulikuwa na wazee wa namna hii. Baba yangu naye alipangusiwa kiti na Orville, na siku zote hizo sikuwahi kujiuliza inawezekanaje.

Basi siku ile tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Ilikuwa zamu yetu ya mwisho, watu wetu wawili walishatolewa, akitolewa wa tatu mchezo umekwisha, na ingawa vituo vyote vitatu vilikuwa na wakimbiaji wetu, aliyeshika gongo alikuwa yule kijana wetu dhaifu kuliko wote. Bolek akavua kofia.

"Ningetoa mwaka wa maisha yangu tuwafunge hawa leo," alisema.

Kila shabiki ameshaisema kauli hiyo. Baba yangu aliisema. Padri wetu ameisema, tena akiwa na kola shingoni. Ni maneno ya uwanjani, yanatoka pamoja na mvuke wa soseji, hakuna anayeyatilia maanani. Orville alikuwa kwenye ngazi pembeni yetu, akipangusa kiti kilichokuwa kimeshakauka.

"Mmoja?" aliuliza.

"Mmoja," Bolek akajibu, akicheka.

"Nimekusikia, Bwana Bolek."

Upepo ukakata. Uwanja wetu uko karibu na ziwa, haukosi upepo hata siku ya mazishi, lakini bendera zote zilinyong'onyea kwa wakati mmoja. Kijana wetu akaupiga mpira kwa ncha ya gongo, ukapanda juu, mpira wa kudakwa na mtoto wa chekechea. Mdakaji wao akakaa chini yake na glovu wazi. Ukashuka, ukaanguka nyasini kando ya kiatu chake, naye hakusogea. Wala hakuwa anautazama mpira. Alikuwa ameligeukia jukwaa letu, kama mtu aliyeitwa jina lake. Wakimbiaji wetu wote watatu wakaingia, na uwanja ukapasuka kwa kelele. Bolek alinikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Asubuhi ya Pasaka nilikuwa mezani nakata kichwa cha yule mwanakondoo wa Pasaka anayefinyangwa kwa siagi, na Bolek akanyoosha mkono kuchukua mkate. Saa yake ikateleza kutoka kwenye kifundo ikaenda mpaka karibu na kiwiko. Ndevu ambazo hakuwa amezinyoa tangu Ijumaa zilikuwa zimeota nyeupe tupu.

"Umezeeka wewe," nikamtania.

"Tumeshinda," akasema, akajipaka siagi.

Wanasema dua la kuku halimpati mwewe. Msimu ule lilimpata, na likampata tena. Makuli, timu ya bei rahisi kuliko zote, ilikuwa inashinda michezo ambayo hata sisi tuliona aibu kuishinda. Magazeti yakaandika habari za moyo na kujituma. Mimi nilikuwa namtazama mume wangu. Kila alipoitamka ile kauli, Orville alikuwa karibu. Kila Orville alipojibu "nimekusikia," upepo ulikata. Na kila kulipokucha baada ya ushindi wa namna hiyo, Bolek alikuwa amepungua kidogo. Viatu vikaanza kumpwaya. Akaacha kusikia kengele ya mlango. Daktari alimpima kila kitu, akaniita pembeni akaniuliza kama nina uhakika na cheti cha kuzaliwa cha mume wangu, maana mwili huu ni wa mtu wa tisini. Bolek hakuwa amefika sabini.

Bado nilijidanganya, mpaka Lucjan alipofanya yake. Ilikuwa Julai, wale wamerudi, Lucjan amekunywa bia zake na amechangamka.

"Bolek, wewe unatoa mmoja mmoja kama bahili," akasema. "Mimi leo nawamwagia kumi."

"Nimekusikia, Bwana Wróbel," Orville akasema.

Tuliwafunga wale pointi kumi na moja kwa sifuri. Jumanne yake kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Binti yake alimkuta kwenye kochi, amevaa jezi, redio inaongea peke yake. Daktari aliandika kwamba ni uzee tu. Lucjan alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kwenye jeneza alionekana kama babu yake mwenyewe. Inaelekea hakuwa amebakiwa na kumi.

Mchezo uliofuata nilikwenda mapema, kabla mageti hayajafunguliwa kwa watu wote. Mlinzi ananijua, aliniachia nikapita. Orville alikuwa peke yake jukwaani, anakipangusa kiti cha Lucjan, taratibu, mpaka chini ya mikono ya kiti.

"Unawafanyia nini watu wangu?" nikamuuliza.

"Shikamoo ya asubuhi imepotea wapi, Mama Genia?"

"Usinichezee."

Hakukasirika. Alikunja glovu yake akaiweka begani. "Mimi napangusa viti tu," akasema. "Lakini nikuulize. Wale wanawalipa wachezaji wao nini?"

"Dola. Kila mtu anajua."

"Na ninyi mnazo?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi," akasema. "Ushindi haushuki kutoka mbinguni, mama. Una bei, kila mahali. Wenye dola wanatoa dola. Wasio nazo huwa wanasema wenyewe watatoa nini. Mimi sijawahi kumwomba mtu. Nasikia tu."

"Mrudishie Bolek miaka yake."

"Hairudishwi." Akatazama uwanja, mkata nyasi alikuwa anapita kule mbali na mashine ambayo sikuisikia sauti yake. "Ila sisi si wezi. Mtu akiahidi na timu ikafungwa, halipi kitu. Mchezo uliopotea hautozwi. Hiyo ni sheria tangu enzi za baba yako. Na baba yako alitupatia miaka mingi, mtu mkarimu sana."

Baba yangu alikufa nikiwa msichana, mwaka ambao Makuli walikaribia kuchukua ubingwa. Nikakaa kwenye kiti cha Lucjan, kisha nilipokumbuka ni cha nani nikainuka haraka.

Nilimwambia Bolek jioni ile ile, jikoni. Nilidhani atashtuka. Mtu mzima ovyo, hakushtuka.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu saa ilipoteleza."

Nikatupa mwiko kwenye sinki. Nikamwambia yote ambayo mwanamke humwambia mwanamume mjinga, na mengine niliyoyatunga papo hapo. Alisubiri nimalize.

"Genia, kiwanda kilichukua miaka yangu mingapi?" akaniuliza. "Moshi ule, miaka yote ile. Kiliniuliza? Niliitwa nikaulizwa, Bolek, mmoja? Nilipewa nini, saa hii ya ukutani. Huyu angalau ananiuliza. Na ninachonunua nakiona kwa macho yangu."

"Na mimi je? Unanunua kwa pesa za nani? Miaka yako ni yangu pia, tulifunga ndoa."

Akaniangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Mara moja tu," akasema. "Nataka kuwaona wale wanaondoka hapa vichwa chini, wakati wa maana, siku ya mwisho. Mara moja kabla sijafa. Halafu basi."

Nilificha tiketi zake. Orville alimfungulia mlango wa pembeni. Nilimfichia viatu, akaenda na vile vya bustani.

Ikafika Jumapili ya mwisho ya Septemba, mchezo wa mwisho wa msimu, na kama vile mtu alikuwa ameupanga, ulikuwa kati yetu na wale. Mshindi anaingia kwenye mtoano wa ubingwa. Mrushaji wetu alikuwa Anselmo Batista, kijana wa Jamhuri ya Dominika, mwenye mkono ambao Mungu aliutengeneza bila haraka. Mji mzima ulimpenda. Na mji mzima ulijua kwamba wale walishaongea na Thurlow, na msimu ukiisha Batista ni wao. Ilikuwa leo, au tungoje kizazi kingine.

Mawingu yalikuwa chini, lakini ni saa tisa mchana na kila kitu kilionekana. Nilimshika Bolek mkono kupanda ngazi. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Hata hajakaa sawasawa, Orville yupo na glovu yake.

"Yote iliyobaki," Bolek akamwambia, kabla sijamziba mdomo.

"Yote, Bwana Bolek?"

"Yote. Tushinde leo."

"Nimekusikia."

Bendera zikanyong'onyea. Nilimgeukia Orville nikamwambia achukue yangu badala yake, akaniambia kwa adabu kwamba ahadi ikishasikiwa haibadilishwi jina. Akashuka ngazi mbili, akaanza kupangusa kiti.

Batista akaanza kurusha. Sijaona kitu kama kile na sitakiona tena. Wapigaji wa wale, wenye mishahara ya kununua mtaa wetu pamoja na kanisa, walikuwa wanakuja mmoja mmoja na magongo yao, wanakata hewa, wanarudi kukaa. Wengine hawakuinua hata gongo. Walikuwa wanatazama jukwaa letu. Sisi tukapata pointi moja katikati ya mchezo, na moja ilitosha. Zamu baada ya zamu, hakuna mpigaji wao hata mmoja aliyeupiga mpira akafika kituoni.

Hapo inabidi nieleze jambo moja la besiboli. Mrushaji akiwanyima wapinzani pigo tangu mwanzo mpaka mwisho wa mchezo, hilo ni jambo la kusimuliwa na wajukuu. Na wakati linaendelea, halitajwi. Wachezaji wenzake wanahama benchi wasikae karibu naye. Jukwaani watu wanaongea habari za magoti na bei ya mafuta. Mtangazaji wa redio mwenyewe anazunguka mbuyu. Ukilitaja umelivunja, na lawama ni yako mpaka kaburini. Baba yangu, ambaye hakuwahi kunigusa, alinizaba kibao siku moja kwa sababu nilianza tu kuuliza.

Ikafika zamu ya mwisho ya wale. Uwanja umejaa na hakuna anayepumua. Bolek alikuwa ameegemea bega langu, mkono wake mkononi mwangu, na ule mkono ulikuwa unapoa kuanzia vidoleni. Wa kwanza wao akatolewa. Baridi ikapanda mpaka kwenye kifundo. Wa pili akatolewa. Macho ya Bolek yalikuwa wazi, anatabasamu, na midomo imegeuka rangi. Wa tatu, Batista alichoka kidogo, akakosea mipira minne, mtu akapewa kituo bure. Hilo halihesabiki kuwa pigo. Bado mtu mmoja tu wa kutoa.

"Unaona, Genia," Bolek akaninong'oneza. "Unawaona?"

Niliwaona. Usidhani sikutaka. Niliutaka ushindi ule tangu nikiwa binti wa kuli, niliutaka kwa tumbo. Mbele yetu, Orville alikuwa ameacha kiti alichokuwa anakipangusa. Alikuwa amesimama mbele ya kiti cha Bolek, glovu tayari, anangoja kwa heshima.

Mimi nilikuwa mpishi wa shule. Nimepiga kelele juu ya vichwa vya watoto mia nne wenye vijiko. Nikasimama.

"Batista hajapigwa hata moja," nikasema. "Jamani, mnaona? Hakuna pigo hata moja tangu mwanzo. Bado mtu mmoja na itakuwa imekamilika, mchezo mzima bila pigo."

Jukwaa zima liligeuka. Mtu alisema, "Yesu na Maria." Sauti yangu ilikwenda mbali kuliko sauti inavyokwenda, kwa sababu kule chini, katikati ya uwanja, Batista aliinua kichwa akanitazama mimi, Genia, na nikaona amesikia. Sura ya mtoto aliyeamshwa. Na bendera zikatikisika. Upepo wa ziwa ulirudi wote mara moja, ukatupiga usoni.

Akarusha. Nilisikia gongo kabla sijaona mpira. Ulipita juu ya ukuta wa nyuma, ukapita hata juu ya tangazo la bia, na wakimbiaji wao wawili wakaingia bila haraka. Mbili kwa moja. Tulikuwa bado na zamu yetu ya mwisho, na watu wetu watatu walitolewa upesi upesi kama wanawahi basi.

Mkono wa Bolek ulipata joto mkononi mwangu. Nilihisi mshipa, nikauhesabu, nikalia. Alipoelewa kilichotokea aliutoa mkono wake kwenye wangu, kidole kimoja kimoja.

Nilimwagiwa bia. Mwanamke mmoja wa parokia yetu, tunayeosha naye vitambaa vya altare, alinitemea mate kwenye kiatu. Orville alivaa glovu yake vizuri, akaniinamishia kichwa.

"Hautozwi," akasema. "Nilikwambia mwenyewe, Mama Genia." Lakini hakunitazama machoni.

Bolek hakunisemesha njia nzima. Hakunisemesha Oktoba, wala theluji ilipofunika madirisha, wala Krismasi, tulipovunja ule mkate mwembamba wa kutakiana heri, akavunja kipande chake akala mwenyewe. Desemba hiyo hiyo Thurlow alimuuza Batista kwa wale. Bolek alitazama habari mpaka mwisho, akazima televisheni, akaenda kulala na viatu. Nilikuwa na mume mzee sana, aliye hai, aliyenichukia. Nikisikia anakohoa chumbani nilikuwa nasema asante, Mungu wangu, asante, halafu nakaa jikoni nalia kwa upweke.

Aprili akatoka mwenyewe kabatini na jezi yake. Nikachukua koti. Tulikwenda tukiwa wawili na kigari chake cha kutembelea, bila neno. Orville alitupangusia viti, cha Bolek, changu, na cha Lucjan ambacho hakijapata mtu.

Wale ndio waliokuja kutufungulia msimu. Na aliyepanda kurusha, amevaa jezi yao, ni Anselmo Batista wetu. Alitupa jicho upande wetu mara moja tu, akaliondoa. Kisha akaanza kutunyoa. Kijana tuliyemlea sisi, kwa mkono ule ule. Watu wetu wanakwenda na magongo, wanarudi. Nikainua macho kwenye vioo vya chumba cha wakubwa kule juu, nikamwona Thurlow na glasi mkononi, anacheka na mgeni wake, amependeza. Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa na hasira tu, ile ya siku zote, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Haki ya Mungu," nikasema, "ningetoa mwaka wa maisha..."

Upepo ukakata. Na mkono ukanifunika mdomo, mkono wa Bolek, mifupa mitupu, unanuka dawa ya kuchua.

Orville alikuwa ameinama juu yetu. Sikumsikia akipanda.

"Mama alikuwa anasemaje?" akauliza.

"Anataka karanga," Bolek akasema.

Sauti yake ilikuwa na kutu. Nilikuwa sijaisikia ikisema lolote kunihusu tangu Septemba.

"Sikusikia vizuri, Bwana Bolek. Nadhani alisema mwaka."

"Karanga, Orville. Umezeeka, masikio yamekwisha. Nenda ukamwite muuza karanga."

Orville alitutazama, mimi, kisha yeye, kisha ule mkono mdomoni mwangu. Akapangusa mgongo wa kiti changu mara moja, polepole.

"Msimu ni mrefu," akasema, akaendelea kupanda kuelekea safu za juu, ambako watu walikuwa wameanza kupiga kelele.

Bolek hakuuondoa mkono mpaka bendera zilipoanza kucheza tena.

"Bibi wee," akaniambia, "mdomo wako huo."

"Ulinifunza wewe."

"Basi jifunze na kunyamaza."

Tulifungwa, tena vibaya. Karanga zilikuja, na alinimenyea yeye mpaka mchezo ukaisha, maganda akiyatupa kwenye kiti cha Lucjan.